Chokaa ya Kipupwe

Thurstan alipanda ngazi thelathini na moja za nje akiisindikiza kila moja kwa tusi la chini kwa chini, maana goti lake la kushoto halikuwa limepatana na ngazi tangu alipoangushwa na farasi miaka sita nyuma. Aliyejenga Mnara Mkuu wa Corsdale hakuwafikiria wenye magoti mabovu. Aliweka mlango mmoja tu, tena huko juu, kimo cha watu watatu kutoka ardhini, ili adui afike hoi. Mchunguzi wa mfalme naye siku hiyo alifika hoi kama adui.

"Pole, bwana," alisema mlinda mlango, mzee Gamel, bila kuinuka kwenye kigoda chake. "Pumua kwanza. Mwaka juzi askofu alikaa hapo hapo uliposimama, akasema mtu akifia hapa basi safari ya mbinguni ameshaifupisha."

"Kengele ya saa tisa imelia?"

"Ya saa sita ndiyo kwanza imelia. Lakini kamba wameshaifunga."

Thurstan aligeuka akatazama uani. Theluji ilikuwa inayeyuka na matope yalikuwa yanang'aa. Askari wawili walikuwa wameegemeza ngazi kwenye mwaloni, na kitanzi kilining'inia tayari. Chini kabisa, kwenye kidato cha kwanza, alikaa mwanamke aliyempita alipokuwa akipanda. Huyo alikuwa Aldith, mke wa mwashi Leofwin, na mapajani alikuwa amepakata shati jeupe lililofuliwa na kukunjwa vizuri, shati la mumewe kunyongewa. Hakulia wala hakumwomba. Alimwambia tu, "Wewe ndiye wa mfalme? Basi uliza. Siku nne hizi hawajamuuliza kitu, wamemwambia tu." Maneno hayo yalimwingia Thurstan kuliko ambavyo kilio kingemwingia.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Mfalme alikuwa amefungwa ugenini, na kila kanisa nchini lilitakiwa litoe vyombo vyake vya fedha ili akombolewe. Wakusanyaji walitarajiwa Corsdale wiki ijayo. Lakini mwanzoni mwa Majilio, kabla ya Noeli, kikombe cha misa cha kanisa dogo la mnarani kilipotea sandukuni pamoja na kisahani chake. Watu walitafuta mpaka kwenye majani ya farasi, hawakuona kitu. Kisha siku nne zilizopita, barafu ilipoanza kuachia, jiwe moja lilichomoka lenyewe ukutani karibu na kanisa, na nyuma yake kikakutwa kisahani. Kikombe hakikuwemo. Usoni mwa jiwe palikuwa na alama ya Leofwin, mwashi aliyeujenga mnara huo kwa miaka tisa.

Ukumbini palikuwa na moto mkubwa na watu kama thelathini waliojisogeza kuuzunguka. Fulk, mkuu wa walinzi, alikuwa amesimama akinywa supu ya njegere kwa kelele.

"Bwana mchunguzi! Umekuja kuhudhuria au kuzuia?"

"Nimekuja kuuliza."

"Basi uliza mbio mbio. Bibi amekupa mpaka saa tisa, na mimi sina tabia ya kuchelewa."

Bibi Hawise, aliyeshika ngome wakati mumewe yuko vitani, alikuwa amekaa mwisho wa meza na chakula chake hakijaguswa. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri.

"Nikwambie ukweli, bwana Thurstan," alisema. "Simtakii mabaya mtu yule. Lakini jiwe ni lake na kila mtu ameliona. Nikimwachia mwizi wa altare, kesho nani ataniheshimu humu ndani?"

"Na kama jiwe ni lake lakini wizi si wake?"

"Basi nionyeshe. Nitafurahi kuliko unavyodhani."

Fulk alichukua taa, wakapanda ngazi ya mzunguko iliyokuwa kwenye pembe ya mnara. Huko juu ya ukumbi, ukuta ulikuwa mnene kiasi kwamba waashi walipitisha ujia ndani kwa ndani, upande wa kaskazini, mtu akipita mabega yanagusa kote kuwili. Ujia huo ulitoka kwenye ngazi ukaishia kwenye kanisa dogo, ambalo lilijengwa juu ya kibaraza cha mlango mkuu. Baridi humo ilikuwa ya kukata masikio. Usawa wa kifua, kila hatua mbili, palikuwa na tundu la mraba linaloingia ukutani.

"Haya ni ya nini?" aliuliza Thurstan.

"Ya boriti za jukwaa. Waashi wanachomeka mti humo, wanatandika mbao, wanasimama. Lile la mwizi ni lile pale."

Thurstan aliyahesabu akipita. Yalikuwa kumi na mawili na yote yalikuwa wazi, isipokuwa hilo la nane lilikuwa bado na kingo za chokaa zilizolizunguka, na jiwe lake lilikuwa limelazwa sakafuni. Alijaribu kuingiza ngumi zake mbili pamoja, zikapita kwa shida. Kisha alibandua kipande cha chokaa. Kilimomonyoka mkononi kama mkate wa juma lililopita. Ndani yake palikuwa na nywele nyekundu, nyingi, ndefu. Akazinusa, akakunja uso.

"Nywele hizo zisikushughulishe," Fulk alisema. "Waashi wanachanganya nywele kwenye lipu. Kila mtu anajua."

"Kila mtu akijua kitu, Fulk, ndipo kinapoacha kutazamwa." Alifunga kipande kile kwenye leso. "Nipeleke kwa mwashi."

"Niende huko chini mimi? Gamel atakupeleka. Mimi panya tumekosana nao."

Ghala la chini la mnara halikuwa na mlango wa nje hata kidogo. Liliingiwa kwa kifuniko kilicho kwenye sakafu ya ukumbi, kisha ngazi ya miti. Kwa hiyo Thurstan, baada ya kupanda ngazi zote zile, alishuka zote tena na zaidi, huku Gamel akimtangulia na taa na kumpa moyo kwa hadithi za watu waliovunjika miguu hapo hapo. Kulikuwa na mapipa ya nyama ya chumvi, mdomo wa kisima, na rundo la mawe yaliyochongwa yakapangwa ukutani. Leofwin alikuwa amefungwa mnyororo kwenye nguzo. Alikuwa mtu mfupi mwenye mikono mikubwa isiyolingana naye, na kando yake palikuwa na mshumaa na nusu mkate.

"Umekuja na swali au na kamba?"

"Swali. Nani kakupa mkate?"

"Padri Osbern. Anakuja kila jioni, ananishika mkono, tunasali. Ndiye pekee aliyenitembelea, ukiondoa panya."

"Jiwe la kule juu ni lako?"

"Alama ya mshale wenye mikia miwili?"

"Hiyo hiyo."

"Basi nimelichonga mimi. Na hayo yaliyo nyuma yako nimeyachonga mimi. Mabaki ya kiangazi hayo, hayana kufuli wala mlinzi. Mtu akianua shati langu kwenye kamba akaenda kuibia nalo, mtaninyonga mimi?"

"Hapa kwetu? Wangekunyonga," Gamel alisema kwa huzuni ya kweli.

Thurstan alifungua leso akamwekea kipande cha chokaa kiganjani. Leofwin alikisogeza kwenye mshumaa, akabonyeza pembe yake kwa kidole gumba, ikawa unga. Kwa siku nne mtu huyu alikuwa amevumilia kuitwa mwizi, lakini sasa ndipo uso wake ulipowaka.

"Ndiyo hii? Hii ndiyo wanayosema nimeiweka mimi?"

"Ndiyo hii."

"Iliwekwa lini?"

"Katika Majilio. Kikombe kilipotea juma la kwanza."

"Majilio! Wakati ule barafu ilikuwa mpaka kisimani, tunaipasua kwa shoka ndipo tunywe!" Alimrushia Gamel vumbi lile kama vile Gamel ndiye aliyelikoroga. "Bwana, sikia. Sikukuu ya Martini ikifika, mwanzoni mwa baridi, mwashi anatundika mwiko. Tunafunika vichwa vya kuta kwa majani makavu na samadi, tunaingia kibandani kuchonga mawe, na hakuna anayegusa chokaa mpaka Pasaka ipite. Chokaa inashika pole pole. Barafu ikiiwahi, maji ya ndani yanavimba, inapasuka yote, na siku jua likitoka inakuwa unga. Kijana aliyeanza kazi jana anajua. Mke wangu anajua, na yeye ni mfumaji!"

"Kwa nini hukumwambia Fulk?"

"Hilo jiwe nimeonyeshwa? Walikuja nyumbani, wakaniambia umeiba. Nikasema sikuiba. Ndiyo kesi yangu yote hiyo."

Thurstan alijikuta anatabasamu gizani. Alikuwa ameshawahoji wezi wengi, na hakumkumbuka hata mmoja aliyekasirishwa na kazi mbaya kuliko na kitanzi.

"Matundu yale kumi na mawili, mbona uliyaacha wazi?"

"Kiangazi narudi kupiga lipu. Nitasimamisha jukwaa wapi, mawinguni? Katika mnara huu wote sijaziba tundu hata moja. Ukikuta lililozibwa, mtafute aliyeliziba."

"Na kikombe kingeingia mle?"

Leofwin alitanua vidole hewani akikumbuka. "Hakiingii. Mdomo wake mpana. Kisahani sawa, kikombe hakiingii."

"Kuna matundu makubwa kuliko yale?"

"Juu kabisa, chumba cha winchi, tulikokuwa tukivutia mawe. Boriti zake nene kama paja langu. Matundu kumi. Matano upande wa kaskazini, matano upande ule inapopita njia ya moshi wa ukumbini."

"Huko kwenye moshi kuna joto?"

"Paka wote wa ngome wanashinda huko." Wakatazamana. Kisha Leofwin akasema polepole, "Chokaa ya upande ule ingeshika, bwana. Hata kama imewekwa na mjinga."

Thurstan alikuwa tayari anainuka. "Na hizi nywele?"

"Si zangu. Za kwangu nazikata fupi, na zinakaa kwenye lipu, haziingii katikati ya mawe. Hizi tazama, zina mizizi. Hazikukatwa, zimeachia zenyewe kwenye ngozi."

"Zimeachia kwa nini?"

"Hapo umevuka mpaka wa uashi."

Waliporudi ukumbini Thurstan alimvuta Gamel pembeni. "Wakati wa barafu, nani humu ndani ana chokaa?"

Mzee alikuna kidevu. "Chooni kuna pipa. Wanamwaga shimoni harufu isiwaue. Lakini ufunguo wa kile chumba anao Fulk."

Basi hapo moyo wa Thurstan ulimwendea Fulk moja kwa moja. Mtu mwenye haraka ya kunyonga, mwenye funguo, mwenye chokaa. Mlango aliukuta haujafungwa, akapenya kwenye uchochoro mwembamba wa choo uliokatwa ndani ya ukuta wa magharibi, nguo za majira ya joto zikiwa zimetundikwa humo ili harufu ifukuze nondo, akafika kwenye pipa, akazamisha mkono mpaka kiwiko. Chokaa ilikuwa mabonge makavu, meupe pe, haijawahi kuonja maji. Aliipekua mpaka chini. Hakukuwa na unywele hata mmoja.

"Unanichunguza mimi?" Fulk alikuwa amesimama nyuma yake, amejaa uchochoro mzima.

"Nachunguza pipa lako."

"Bwana wee! Mimi ningeiba kikombe cha fedha, leo ningekuwa nchi ya tatu, nina mke mpya na farasi wawili. Ningekaa hapa nakijengea nyumba ukutani?"

Thurstan alisimama na mkono wake mweupe hewani. Lile lilikuwa neno la akili, na lilimkera kuwa limetoka kwa Fulk. Mwizi hujificha yeye, mali huipeleka sokoni. Huyu aliyekuwa anamtafuta hakutaka kikombe kiende popote. Alitaka kibaki.

"Chukua patasi na nyundo," alimwambia. "Na ukiniona nakaa kitako kwenye ngazi, usinicheke."

Alikaa mara tatu. Fulk alicheka mara mbili, ya tatu akampa bega. Kutoka ukumbini mpaka chumba cha winchi ngazi iliwazungusha mpaka kichwa kikataka kubaki nyuma, na njiani walipita mdomo wa ule ujia wa kaskazini unaotoka kanisani. Thurstan alisimama hapo akaushika ukuta. Mtu aliyetoka kanisani kwa njia hii angepanda mpaka juu kabisa bila kukanyaga ukumbini, bila kuonwa na wale watu thelathini wa kwenye moto. Mwashi angelazimika kupita mbele ya Gamel, kisha katikati ya ukumbi, na jiwe kwapani na ndoo ya chokaa mkononi.

"Leofwin aliingia mnarani mara ngapi wakati wa Majilio?"

"Mara moja. Kuangalia kidato kilichopasuka."

"Alibeba nini?"

Fulk alifikiri. "Mikono yake," alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua.

Chumba cha winchi kilikuwa cheupe kwa mwanga wa madirisha mawili membamba. Upande wa kaskazini matundu matano yalikuwa wazi, upepo ukipiga mluzi humo. Upande wa pili ukuta ulikuwa vuguvugu kama mgongo wa ng'ombe, na paka watatu walikuwa wamelala chini yake. Thurstan alihesabu kwa kidole. Moja, mbili, tatu. La nne lilikuwa jiwe. La tano lilikuwa wazi.

"Mbingu zangu," Fulk alisema. "Nimepita hapa mara mia."

Jiwe hilo halikuchomoka lenyewe. Fulk alitoka jasho, chokaa ikaruka vipande vigumu, na katika kila kipande kulikuwa na zile nywele nyekundu. Lilipotoka, Thurstan alinyoosha mkono mpaka begani akagusa kitambaa. Alikivuta nje kwa uangalifu. Kilikuwa kitani cheupe cha altare, kimekunjwa mara tatu huku na mara tatu huku, pembe juu ya pembe. Ndani yake kikombe kiling'aa kana kwamba kimefutwa asubuhi hiyo.

Fulk alivua kofia. Alikitazama kile kitambaa kwa muda. "Huyu hakuwa anaficha," alisema. "Huyu alikuwa analaza mtoto."

"Kengele ya saa tisa hupigwa na nani?"

"Padri Osbern."

"Basi twende kabla hajaipiga."

Padri Osbern alikuwa katika chumba chake kidogo kando ya kanisa. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, mpole, mwenye vidole vilivyopasuka pasuka. Mbele yake ngozi ya ndama ilikuwa imewambwa kwenye fremu, naye alikuwa akiiparua kwa kisu cha duara. Pembeni kulikuwa na beseni kubwa la mti lenye maji mazito meupe, na harufu yake Thurstan aliitambua kabla hajavuka kizingiti.

"Karibu, mwanangu. Samahani kwa harufu. Ngozi za kuandikia haziji kwa manukato."

"Naona. Nywele mnazitoaje, Padri?"

"Kwa chokaa. Unailoweka ngozi siku nane, kumi kukiwa na baridi. Nywele zinaachia zenyewe."

"Na mizizi yake."

"Na mizizi yake," padri aliitikia, na kisu kikasimama.

Thurstan alichovya vidole kwenye beseni, akavitoa. Vilikuwa vimezungukwa na nywele nyekundu. Aliweka leso mezani, akaifungua, akaweka vidole vyake kando ya kile kipande cha chokaa.

"Ndama wekundu ni wengi," padri alisema.

"Ni wengi. Beseni ni moja."

"Labda mtu alikuja akachota..."

"Padri." Thurstan aliketi kwenye kiti pekee kilichokuwepo, kwa sababu goti lilikuwa limekataa kata kata. "Saa tisa imekaribia. Wewe ndiye mpiga kengele. Leo ungeipiga?"

Fulk akaingia na kikombe kikiwa bado ndani ya kitani chake, akakiweka juu ya ile ngozi iliyowambwa. Hapo padri alikaa chini sakafuni, kama mtu aliyetua mzigo aliouchukua mbali mno.

"Mwaka wa njaa," alisema alipoweza, "wanawake wa ngome hii walitoa bizimu zao na pete zao zifanywe kikombe, nadhiri ili njaa iishe. Mama yake Bibi Hawise alitoa ya harusi yake. Nilikuwa padri kijana. Niliwaambia kitakaa hapa mpaka mwisho wa dunia. Kisha barua ikaja kwamba kiyeyushwe. Nilisema nitakitoa mfalme akirudi. Nilichukua mawe kule ghalani usiku, ukumbi umelala, sikutazama alama, sikujua hata kama zina maana. Nilidhani nimejenga."

"Umeziba ufa, Padri, na ukuta ukakushinda," Fulk alisema, lakini si kwa kejeli.

"Na Leofwin?" aliuliza Thurstan.

"Kila jioni nilishuka nikiwa nimeamua kusema. Kila jioni nilimshika mkono nikasali, nikapanda tena. Niliogopa. Sina neno jingine, niliogopa tu."

"Neno hilo linatosha. Inuka ukaliseme ukumbini, kwa mdomo wako. Likitoka kwangu ni kesi. Likitoka kwako huenda likawa kitu kingine."

Alilisema. Alisimama mbele ya meza ya Bibi Hawise, watu thelathini wakimsikiliza, akasema yote tangu beseni mpaka winchi, na hakuruka zile jioni nne. Hawise alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili na alikuwa analia waziwazi, bila kujificha, na haikujulikana kama alikuwa anamlilia mama yake au mwashi.

"Kikombe kitakwenda," alisema hatimaye. "Mama yangu alitoa pete yake watu wapone. Hakuitoa ili mtu anyongwe kwa ajili yake. Wewe, Padri, askofu atakusikiliza, na mimi nitamwandikia kwamba ulikuja mwenyewe. Fulk, kata ile kamba kwanza. Mengine baadaye."

Fulk, ambaye hakuwa na tabia ya kuchelewa, alishuka zile ngazi za nje mbili mbili.

Gamel alifungua kifuniko cha ghala, na mikono mikubwa ya Leofwin ikatokea kwanza, kisha kichwa chake chenye utando wa buibui. Alisimama ukumbini akipepesa macho kwa mwanga wa moto. Thurstan alimweleza kwa maneno machache. Mwashi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aligeuka akamtazama Padri Osbern, na ukumbi mzima ukaacha kutafuna.

Padri alipiga magoti. "Nisamehe, Leofwin."

"Ulinishika mkono huu," Leofwin alisema.

"Ndiyo."

"Nikakwambia naogopa mke wangu atabaki na nani. Ukasema Mungu anajua."

"Ndiyo."

Aldith alikuwa ameshapanda ngazi zote thelathini na moja na sasa alikuwa mlangoni, nywele zimemtoka kilembani, anahema, anamtazama mumewe kama mtu anayehakikisha viungo vyote vipo. Leofwin alimwona. Kitu fulani kililegea mabegani mwake.

"Leo msamaha sina, Padri," alisema. "Ningesema ninao ningekudanganya, na humu ndani uongo umetosha. Niulize baada ya Pasaka."

"Nitakuuliza," padri alisema, na akauficha uso wake kwa mikono.

Leofwin alivuka ukumbi. Aldith hakumkumbatia. Alimpiga kifuani kwa ngumi, mara moja, mara mbili, kisha akalikunjua lile shati jeupe na kumvisha hapo hapo mbele za watu, akimfunga kamba za shingoni moja moja, bila haraka, huku akimgombeza kwa jinsi alivyokonda.